Sura ya Sita: Kabari Iliyokunywa Maji

Alhamisi aliyopotea Husseini, mama yake alikaanga changu mzima, akapika wali wa nazi, akafunika sahani kwa kawa na kuipeleka karakanani kwa Fundi Muhdhar. Ndivyo alivyofanya kila adhuhuri tangu mwanawe aanze kujifunza useremala. Karakana ilikuwa pembeni mwa mji wa Siyu, upande wa mashamba, nyumba ya mawe isiyo na jirani ila kisima na mikunazi miwili.

Mlangoni alimkuta fundi peke yake. Shuka yake ilikuwa imelowa kuanzia kiunoni.

"Husseini yu wapi?"

"Amekwenda mwituni kutazama mti. Weka hapo, Bi Nana. Akiya atakula."

Bi Nana aliweka sahani kizingitini, akarudi nyumbani. Alasiri alipoifuata, aliikuta tupu. Hata kichwa cha samaki kilikuwa kimefyonzwa, imebaki mifupa. Alishangaa, maana Husseini tangu utotoni hakula kichwa cha samaki, alisema kinamtazama. Kisha akafurahi. Alijiambia kwamba mwituni kunatia njaa, na kwamba mwanawe ameanza kuwa mtu mzima. Akaiosha ile sahani akiimba polepole, akaanza kuwaza atapika nini kesho.

Usiku ule Husseini hakurudi. Wala kesho yake.

Hadithi hiyo ya kichwa cha samaki, Inspekta Nicodemus Ndirangu alikuwa ameisikia zaidi ya mara moja, na kila mara aliikatiza. Alikuwa mtu wa Nyeri, mrefu, mwenye sauti ya chini, na alikuwa ametumwa kutoka Lamu kwa jambo moja tu. Ulikuwa mwaka wa sitini na sita. Ng'ambo, upande wa bara, kulikuwa na shifta, waasi wenye bunduki, na kijana aliyetoweka bila sababu alihesabiwa kuwa amewafuata. Jina lake likishapelekwa kwa simu ya upepo, nyumba ya wazazi wake hubomolewa, na waliobaki huhamishiwa kambini, bara. Jina la Husseini lilikuwa lipelekwe jioni hii. Bi Nana hakuwa na mtu mwingine wala nyumba nyingine.

Jana yake Ndirangu alimsimamisha mama huyo juani, uani mwa kituo, mpaka aseme mwanawe amejificha wapi. Hakusema, kwa kuwa hakuwa na la kusema. Alianguka. Walipommwagia maji akazinduka, neno la kwanza alilotamka lilikuwa kuomba ruhusa aende akapike, adhuhuri inakaribia.

"Utampikia nani?" Ndirangu alimwuliza.

"Husseini. Fundi aniambia nisiache kupeleka. Huenda akaya ana njaa."

Ndirangu alimwacha aende. Lakini alikaa muda akiitazama njia aliyoshika, kisha akamwambia Koplo Jeilani amlete yule shahidi wa mashua asubuhi ya leo.

*

Shahidi aliitwa Wazir, mtu mnene wa Mbwajumali mwenye kazi ya kupakia makuti na nazi. Ndiye pekee aliyesema amemwona Husseini akienda kwa shifta. Aliketi kwenye benchi la kituo, kofia mkononi.

"Rudia," alisema Ndirangu.

"Nimesharudia, Bwana Inspekta."

"Rudia kama unayemwambia mjinga."

Koplo Jeilani, mwenyeji wa Lamu, aliinamia karatasi yake asionekane uso.

"Alhamisi," alianza Wazir. "Baada ya swala ya alasiri. Nalikuwa mkondoni naziba mashua yangu. Nikamwona Husseini yuangia chomboni na watu wawili wana bunduki. Wakashika ndia ya Ndau."

"Kwa tanga?"

"Kwa pondo. Wasukuma kwa mti."

"Maji yalikuwa kiasi gani?"

"Ya kutosha chombo."

Ndirangu aligeuka. "Koplo, Alhamisi alasiri ulikuwa wapi?"

"Mkondoni hapo hapo, afande. Ndani ya boti ya polisi, juu ya magunia ya unga. Maji yalitupwea adhuhuri, tukakaa kwenye tope mpaka magharibi."

"Ulimwona Bwana Wazir?"

"Niliona kaa, afande. Wengi sana. Bwana Wazir sikumwona."

Wazir alitazama vidole vya miguu yake.

"Watu wawili wana bunduki," alisema Ndirangu kwa upole, "wamepita mbele ya boti ya polisi iliyokwama, juu ya tope kavu, wakipiga pondo. Hao si shifta. Hao ni malaika. Mkeo anaitwa nani?"

"Mke wangu ana nini na haya?"

"Anayetudanganya njia waliyopita shifta anawaficha, na anayewaficha ni shifta. Nyumba yake hubomolewa, na mkewe hupanda lori moja na Bi Nana. Watasaidiana kubeba vyungu. Anaitwa nani?"

Kofia ilimdondoka Wazir, asiiokote.

"Si mimi niliyeona," alisema. "Ni shemeji yangu. Mimi nimemuoa dada yake Muhdhar. Alinambia ameona kwa mato yake, lakini fundi kumshuhudia vibaya mwanafunzi wake mbele ya watu haipendezi. Akanambia, sema wewe. Wewe una mashua, utaaminiwa."

"Nawe ukasema."

"Ni mtu mzima yule, Bwana. Ndiye aliyechonga mlango wa msikiti. Ningemwambiaje kuwa ni mwongo?"

Ndirangu alivaa kofia yake. "Mfungie huyu," alimwambia Jeilani. "Akilia, mwache alie. Kisha tufuatane tukaione ile meza ya Muhdhar."

*

Meza yenyewe aliijua kwa maneno tu. Mzungu mmoja mzee aitwaye Garnett, aliyenunua gofu huko Shela na kuligeuza nyumba, alikuwa amemletea Muhdhar picha ya meza ya majumba ya mabwana wa Ulaya, ya miaka mia sita nyuma, akamwomba amtengenezee kama hiyo kwa mbao za mbambakofi. Siku moja kabla ya Husseini kupotea, Garnett alikuja Siyu kuiona. Ndirangu alikuwa amemhoji kule Lamu. Mzee yule alisema meza imekwisha na ni nzuri kupita alivyotazamia; kwamba yule kijana aliivunja mbele yake na kuisimamisha tena, akichomoa kabari kwa vidole viwili kama mtu achomoaye mswaki kinywani. Tangu siku hiyo kila akituma mtu kuichukua, Muhdhar humjibu kwamba haijawa tayari.

Fundi Muhdhar aliwapokea kwa heshima. Alikuwa mtu wa makamo, ndevu zimepunguzwa vizuri, mikono mikubwa. Karakana ilikuwa imefagiwa. Patasi zilipangwa ukutani kwa ukubwa, misumeno kwa urefu. Kitu kimoja tu hakikukaa kwa mpango: rundo la mbao lililolazwa mshazari juu ya sakafu ya udongo, bila kufuata ukuta wowote. Ndirangu aliliona, akalipita. Macho yake yalikuwa kwa meza.

Ilisimama katikati, ndefu kiasi cha kukalisha watu kumi. Aliizunguka mikono nyuma. Baba yake alikuwa seremala wa misheni, naye mwenyewe alishika randa kabla ya kushika bunduki.

"Hizi ni meza za watu wa namna gani, afande?" aliuliza Jeilani. "Haina hata msumari."

"Haina msumari wala gundi. Tazama. Miguu ni miwili, kila mmoja ni nguzo yenye kikanyagio chini na mkono juu. Ubao mzito unalala juu ya mikono hiyo kwa uzito wake tu. Huu mti mrefu unatoka nguzo hii kwenda ile. Umechongwa ulimi kila upande, ulimi unapenya tundu la nguzo na kutokea nje, na ulimi nao una tundu, ndimo inamopita kabari. Ukigonga kabari, kila kitu kinakaza. Ukiitoa, meza yote inalegea. Wale mabwana walikula ukumbini. Wakishiba, watumishi wanaivunja meza, wanaiegemeza ukutani, na watu wanalala pale pale sakafuni."

"Mabwana gani hao wasio na chumba cha kulala?"

"Wa Ulaya, Koplo. Fundi, ivunje."

Muhdhar alikuwa ameinama akiokota takataka isiyokuwapo. "Bado, Bwana Inspekta. Mafuta hayajakauka."

Ndirangu alipitisha kiganja juu ya ubao, akamwonyesha kiganja. "Haijapakwa mafuta. Ivunje."

Fundi alichukua nyundo ya mti. Akaenda upande wa mlangoni, akagonga kabari mara moja kutoka chini, ikaruka. Ndirangu aliiokota, akaigeuza mkononi. Shavu moja la kabari lilikuwa jeupe kuliko jingine, limepigwa randa upya. Akaitia mfukoni.

"Na ya pili."

Upande wa kisimani Muhdhar aligonga, kabari isisogee. Akagonga tena. Akagonga kwa nguvu, meza nzima ikalia. Jasho likamtoka.

"Imeshika," alisema.

"Jumatano mwanafunzi wako aliitoa kwa vidole."

"Mti una mambo yake. Hewa hii ya bahari..."

"Hewa ya bahari imeingia upande mmoja wa meza?"

Ndirangu alipiga goti. Kabari huchongwa kwa mti laini kuliko ulimi, isije ikaupasua, na mti laini hunywa. Hii ilikuwa imenywa mpaka ikavimba na kulijaza tundu lote. Mbao zenyewe, upande huu, zilikuwa zimefifia rangi, na nyuzi zake zimesimama, zikikwaruza kidole kama kidevu kisichonyolewa. Upande wa mlangoni zilikuwa laini kama zilivyotoka kwenye randa.

"Imemwagiwa maji," alisema. "Mengi. Na yote yalikimbilia huku. Koplo, inua mguu ule wa mlangoni, niangalie chini."

Jeilani aliinua. Chini ya kikanyagio mlikuwa na mikwaruzo na vumbi jeupe la mawe. Mawe mawili bapa yalikuwa yameegemezwa ukutani, safi, kama vyombo vilivyooshwa. Ndirangu aliyaleta mwenyewe na kuyaweka chini ya mguu. Mikwaruzo ikakutana na ncha za mawe, moja kwa moja. Meza ikasimama imeinamia kisimani.

"Kwa nini uliinamisha meza, fundi?"

"Naliiosha. Ilikuwa na vumbi la msumeno."

"Uliosha mbao mpya, kavu, kwa ndoo za maji, kabla ya mafuta." Ndirangu alitikisa kichwa. "Baba yangu angenichapa kwa hilo mpaka nikojoe. Na wewe si mwanafunzi. Unakula kichwa cha samaki?"

Muhdhar alipepesa macho. "Naam?"

"Kichwa cha samaki. Unakula?"

"Nani asiyekula?"

"Yuko mmoja." Ndirangu alitoa kisu kidogo, akachokoa ufa kati ya mbao mbili za juu, karibu na upande uliovimba. Kwenye ncha ya kisu ilitoka punje ya kitu kijani kibichi kilichokaribia weusi. Akainusa. "Inanuka kama sanduku la makoti ya sufi. Koplo."

Jeilani alinusa mara moja. Akarudisha kisu bila kuangalia mtu.

"Nini?"

"Majani ya mkunazi, afande. Yametwangwa. Na kafuri."

"Vya kazi gani?"

Jeilani alimtazama Muhdhar, kama anayetaka mzee wake amsaidie kusema. Muhdhar alitazama ukuta.

"Vya kuoshea maiti," alisema Jeilani.

Nje, ndoo ya kisimani iligonga jiwe kwa upepo.

"Mnafanyia wapi kazi hiyo kwa kawaida?"

"Msikiti una kitanda chake, afande. Hukaa pale. Akifa mtu kinachukuliwa mpaka nyumbani."

"Na mtu akitaka kukichukua kimya kimya?"

"Haiwezekani. Kabla hajakigusa ataulizwa nani amekufa. Mji mzima utataka kwenda kuzika."

Ndirangu aligeuka polepole. Muhdhar alikuwa amepata maneno.

"Mimi huosha maiti wa mji huu," alisema, na sauti yake ilikuwa imetulia. "Uliza yeyote. Yanabaki kwenye mikono, kwenye nguo. Nashika kazi, yanaingia mbaoni. Jani moya la mkunazi si mtu, Bwana Inspekta. Na maji si damu."

Ilikuwa kweli. Wakili yeyote wa Mombasa angesema hivyo hivyo, kwa Kiingereza, na hakimu angefunga faili. Ndirangu alilijua hilo. Alivuta kigoda, akaketi.

"Adhuhuri imefika?" alimwuliza Jeilani.

"Imekaribia, afande."

"Basi tungoje chakula."

Muhdhar alimtazama, kisha akatazama mlango. "Mwanamke yule hajui kitu. Mwacheni."

"Ndiyo maana namngoja," alisema Ndirangu.

*

Bi Nana alikuja na sahani yake chini ya kawa, buibui limefungwa kiunoni, akitembea kwa uzito kwa sababu ya jua la jana. Alipowaona polisi alisimama, kisha akasalimu, maana sahani ilikuwa inamwunguza mikono.

"Mama, weka hapa," alisema Ndirangu, akionyesha mwisho wa meza wa kisimani. "Upande huu."

"Ni meza ya watu, Bwana. Itaingia mafuta."

"Weka."

Aliweka. Akafunua kawa. Wali, na changu mzima wa kukaanga, kichwa kimeelekea kwa fundi.

"Mwambie fundi ale."

Bi Nana alitabasamu kidogo kwa aibu, kama aliyeshikwa na siri ya mtu mwingine. "Fundi, karibu. Bismillahi. Mimi najua wakula kila siku. Sikasiriki. Chakula kikilala chaharibika. Yeye akiya nitampikia kingine."

Muhdhar alikuwa amesimama mikono ikining'inia. "Nitakula mkekani," alisema.

"Utakula hapa," alisema Ndirangu. "Kwenye ubao huu. Koplo, mtu akioshwa, upande gani huinuliwa ili maji yatelemke?"

"Wa kichwani, afande."

"Mawe yako mlangoni. Kichwa kilikuwa kule. Basi hapa ilipo sahani ni miguuni. Kula, fundi."

"Kichwa cha nani?" aliuliza Bi Nana.

Jeilani alitoka hatua moja kana kwamba anakwenda nje, Ndirangu akamtazama, akarudi.

"Kula," Ndirangu alirudia. "Alhamisi ulikula. Ulikuwa umetoka tu kuimaliza kazi, shuka yako inachuruzika, ukakaa ukala changu mpaka ukafyonza kichwa. Mama huyu ameniambia tangu siku ya kwanza, na mimi sikumsikiza. Aliona mifupa, akafurahi. Alidhani mwanawe amekuwa mtu mzima."

Muhdhar alinyoosha mkono juu ya wali. Vidole vilifika kwenye mvuke, vikakaa pale. Havikushuka.

Bi Nana alitazama mkono ule. Alirudi nyuma mpaka kwenye lile rundo la mbao lililolala mshazari, akaketi juu yake, mahali alipoketi kila adhuhuri tangu Ijumaa akingoja sahani yake. Akajifunika mdomo kwa ncha ya buibui.

"Bi Nana," alisema Muhdhar. "Ondoka hapo."

"Nami kila siku nakaa hapa."

"Inuka hapo, mama. Nakuomba kwa haki ya Mwenyezi Mungu. Inuka hapo."

Alilisema polepole kabisa. Ndirangu alikuwa bado kwenye kigoda. Alitazama patasi zilizopangwa kwa ukubwa, misumeno iliyopangwa kwa urefu, halafu zile mbao, zilizokataa kufuata kuta zote nne.

"Koplo, kibla ni upande gani?"

Jeilani alinyoosha mkono. Mbao zilikuwa zimelala kuukata mkono huo katikati, sawasawa, kama yalivyo makaburi yote ya Siyu.

*

Baada ya hapo hakukuwa na haja ya kumtisha mtu. Muhdhar alikaa chini, mgongo kwenye mguu wa meza, akasema bila kuulizwa mara mbili. Jeilani aliandika.

"Kazi ya nyumba hii ina alama moya. Ya babu yangu, ikawa ya baba yangu, ikawa yangu. Haikuwekwa nyingine. Yeye alichonga jina lake kwenye kabari. Zote mbili. Herufi ndogo, nzuri. Nikamwambia, futa. Akacheka. Akanambia yule Mzungu alipotaka kuzungumza na fundi, alizungumza na yeye."

"Na ilikuwa kweli?"

"Ilikuwa kweli. Mimi meza hii nalitaka kuipija misumari. Yeye ndiye aliyeifahamu ile picha." Alijipangusa uso. "Nalimpija nyundo mara moya. Ya mti hii. Sikudhani..."

"Kisha ukamuosha."

"Nalimuosha. Nikamkafini kwa nguo yangu ya Haji. Nikamswalia, peke yangu, mlango nimefunga. Nikamlaza kama alazwavyo Mwislamu."

Ndirangu alisimama juu yake. "Nikwambie kitu, fundi. Ungemvuta mpaka mikokoni ukamwacha, kaa wangemmaliza siku ile ile. Nami ningeandika shifta, ningemtia mama huyu kwenye lori, na leo ungekuwa umekaa hapa unachonga. Umeshikwa kwa ajili ya maji ya kumuoshea."

"Mimi si mnyama, Bwana Inspekta."

"Uliyamaliza yote hayo, ukafungua mlango, ukala chakula chake."

"Nalikuwa nimechoka," alisema Muhdhar. Alilisema kama jambo la kawaida, kisha likamfikia masikioni mwake mwenyewe, akainamisha kichwa.

Bi Nana hakulia. Aliuliza kama mwanawe alisema neno lolote. Muhdhar alisema hapana. Aliuliza kama maji yalikuwa baridi. Muhdhar alisema aliyatia moto kidogo. Akatengeneza kunjo la buibui gotini.

"Mimi nalifurahi," alisema, bila kumwelekea mtu. "Sahani iliporudi. Nalikwenda ndiani nimefurahi. Nikaimba."

Ndirangu alimwambia Jeilani amfunge fundi pingu. Alitoa mfukoni ile kabari iliyopigwa randa, akaifunga kwa karatasi na kuiandika. Ile ya pili aliijaribu kwa mkono wake mwenyewe, kwa nguvu zote. Haikutoka. Jina la Husseini lilikuwa ndani yake bado, limebanwa kati ya ulimi na nguzo, mahali ambapo randa ya Muhdhar haikulifikia.

"Ikatwe, afande?"

"Isikatwe. Meza itakwenda kortini kama ilivyo. Imejisimamia vizuri kuliko mashahidi wote wa Siyu."

Jeilani hakucheka. Alikuwa akiiangalia sahani, ambayo nzi walikuwa wameanza kuijia. Aliifunika kwa kawa.

Ndirangu alikwenda mpaka mbele ya Bi Nana. Alimwambia kwamba jina la mwanawe halitapelekwa jioni, kwamba nyumba yake haitaguswa, na kwamba hakuna atakayemhamisha. Aliyasema yote matatu kwa sauti ile ile ya chini aliyomwambia jana asimame juani. Bi Nana alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ahsante, Bwana," alisema.

"Sasa inuka, mama. Watu wanataka kufanya kazi."

Bi Nana hakuinuka.

Alimwambia tena. Jeilani naye alimwambia, kwa Kiamu, akamwita mama, akamkumbusha kwamba eneo hili sasa liko mikononi mwa serikali. Alijibu kwamba anajua. Alisema tu kwamba amekaa juu ya mwanawe muda wote huu bila kujua, na sasa amejua.

Kaburi halifukuliwi mpaka daktari awepo. Daktari yuko Lamu, na mkondo wa Siyu hauna maji mpaka magharibi. Muhdhar amefungwa kituoni, chumba kimoja na Wazir, kwa kuwa kituo kina chumba kimoja. Askari mmoja amewekwa mlangoni mwa karakana na amri asimruhusu mtu yeyote kugusa mbao, na Bi Nana amekaa juu ya mbao hizo.